Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Jenerali Władysław Anders

Wengi wanaouliza habari za Anders wameanzia Tengeru, karibu na Arusha. Wameona makaburi yenye majina ya Kipoland, wakataka kujua watu wale walitoka wapi na nani aliwatoa huko. Wengine wameanzia Monte Cassino, au kwenye kisa cha yule dubu wa jeshi lake. Majibu yanafuata maisha yake tangu mwanzo, lakini ruka tu hadi kwenye swali lako.

Kwa kifupi, Anders alikuwa nani?

Alikuwa jenerali wa Poland aliyeanza Vita vya Pili vya Dunia akiongoza brigedi ya wapanda farasi. Warusi walimkamata na kumfunga, kisha wakamtoa gerezani wamkabidhi kazi ya kuunda jeshi kutokana na wafungwa wenzake. Jeshi hilo alilivusha hadi Iran, Iraq, Palestina na hatimaye Italia, ambako liliteka Monte Cassino mwaka 1944. Vita vilipokwisha hakurudi nyumbani. Aliishi London hadi alipofariki mwaka 1970.

Jina lake linatamkwaje?

Takriban "Vwadiswaf Anders". Herufi Ł ya Kipoland husomwa kama W yetu, na W yao husomwa V, ambayo mwishoni mwa neno hukaribia F.

Ni kweli alikuwa Mjerumani?

Hapana. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Wajerumani wa Baltiki na alilelewa katika Uprotestanti, ndiyo maana jina la Anders halisikiki kama la Kipoland. Alizaliwa tarehe 11 Agosti 1892 huko Błonie, karibu na Kutno, katikati ya Poland ya leo. Wakati huo Poland haikuwepo kwenye ramani. Urusi, Ujerumani na Austria zilikuwa zimegawana ardhi yake, na Kutno ilikuwa chini ya Tsar, mfalme wa Urusi. Kijana Anders alisoma chuo cha ufundi cha Riga, na Vita vya Kwanza alivipigana ndani ya jeshi la Urusi, juu ya farasi. Poland ilipozaliwa upya mwaka 1918 akahamia jeshi lake na kuongoza rejimenti ya wapanda farasi ya Poznań dhidi ya Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi. Ukatoliki aliuingia mwaka 1942.

Hilo la kukulia chini ya Tsar si dogo. Kirusi alikijua vizuri mno, na baadaye alipokaa mezani na Stalin hakuhitaji mkalimani.

Alifikaje gerezani Moscow?

Ujerumani iliivamia Poland tarehe 1 Septemba 1939. Siku ya 17 ya mwezi huohuo Umoja wa Kisovyeti nao ukaingia kutoka mashariki, kwa makubaliano ya siri na Hitler. Anders alijaribu kupenya kusini hadi Hungaria na mabaki ya wapanda farasi wake, akajeruhiwa na kukamatwa na Warusi mwishoni mwa Septemba. Walimweka kwanza hospitali mjini Lwów, kisha gereza la mji huo, na mwanzoni mwa 1940 wakamhamishia Lubyanka, gereza la polisi wa siri katikati ya Moscow. Jumla alikaa kifungoni karibu miaka miwili.

Kwa nini Stalin alimwachia?

Kwa sababu alikuwa amebanwa. Hitler alimgeuka tarehe 22 Juni 1941, na majeshi ya Ujerumani yakawa yanakimbilia Moscow. Waingereza wakasukuma makubaliano kati ya Stalin na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London chini ya Jenerali Sikorski, na yakatiwa saini tarehe 30 Julai. Wapoland wote waliofungwa au kuhamishiwa Siberia na Kazakhstan wangepewa "msamaha". Makosa waliyosamehewa hayakutajwa, maana hayakuwepo.

Tarehe 4 Agosti Anders alipelekwa mbele ya Beria, mkuu wa polisi wa siri, akaambiwa yuko huru na kwamba ataongoza jeshi la Poland katika ardhi ya Kisovyeti. Alitoka bado akichechemea kwa majeraha ya 1939.

Jeshi lake lilitokana na nani?

Na watu waliotoka kwenye kambi za kukata magogo, machimbo na mashamba ya pamba. Kati ya 1940 na 1941 Warusi walikuwa wamewang'oa mamia ya maelfu ya raia kutoka mashariki mwa Poland: familia nzima, usiku, kwa mabehewa ya mizigo. Habari za msamaha zilipowafikia, walianza safari kuelekea Buzuluk, katika eneo la Volga, makao ya kwanza ya Anders. Wanaume walikuja kujiandikisha, na wake, watoto na wazee wakawafuata nyuma, kwa kuwa palipo na jeshi kuna angalau sufuria ya supu.

Ni maofisa gani aliokuwa akiwatafuta?

Alipoanza kupanga vikosi aligundua pengo la ajabu. Askari walikuwa wengi, makoplo walikuwapo, lakini maofisa maelfu waliokamatwa 1939 hawakuonekana. Yeye na Sikorski walimuuliza Stalin ana kwa ana tarehe 3 Desemba 1941, huko Kremlin. Stalin akajibu kwamba huenda wametoroka, labda wamekwenda Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China.

Walikuwa wameuawa tayari. Uamuzi ulipitishwa tarehe 5 Machi 1940 na viongozi wa juu wa chama, Stalin mwenyewe akiweka saini, na wafungwa wapatao 22,000 wakapigwa risasi katika msitu wa Katyn na mahali pengine. Wajerumani walitangaza kuyafukua makaburi Aprili 1943. Serikali ya Poland ilipotaka uchunguzi wa Msalaba Mwekundu, Stalin akakata uhusiano nayo. Moscow ilikanusha hadi mwaka 1990.

Kwa nini aliliondoa jeshi Urusi badala ya kupigana na Wajerumani hukohuko?

Hili ndilo swali ambalo Wapoland wenyewe waligombana juu yake. Sikorski alitaka angalau sehemu ya jeshi ibaki, ili siku ya kuikomboa Poland kutoka mashariki askari wake wawepo. Anders, aliyeijua Lubyanka kwa ndani, hakuamini kwamba Stalin angewaacha waingie Poland wakiwa huru.

Lakini kabla ya siasa kulikuwa na njaa. Mwanzoni mwa 1942 jeshi lilihamishiwa Uzbekistan, makao yakawa Yangi-Yul karibu na Tashkent, na huko homa ya matumbo, tifasi, malaria na kuhara vikawavamia watu ambao tayari walikuwa mifupa mitupu. Warusi wakapunguza posho ya chakula. Tarehe 18 Machi 1942 Stalin alimwambia Anders kwamba atatoa posho za watu 44,000 tu, wakati jeshi lilikuwa kubwa zaidi, achilia mbali raia waliokuwa wakilishwa kwa mgawo wa askari. Anders akaomba waliozidi wavuke kwenda Iran, na Stalin akakubali. Miezi michache baadaye waliobaki nao wakafuata.

Je, Monte Cassino ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote?

Vitabu vingi vitakujibu ndiyo. Mimi nasema ni huko kuvuka kwa 1942. Ilikuwa kwa awamu mbili, Machi hadi Aprili na kisha Agosti, kutoka bandari ya Krasnovodsk kupitia Bahari ya Kaspi hadi Pahlevi, ambayo leo inaitwa Bandar-e Anzali, Iran. Zaidi ya watu 110,000 walitoka, na kati yao raia walikaribia 40,000, wengi wakiwa wanawake na watoto. Waingereza walitaka askari. Raia kwao ilikuwa midomo ya kulisha katika nchi ambayo haikuwa na chakula cha ziada. Anders akawapandisha melini hivyohivyo.

Meli zilishindiliwa watu hadi hakuna pa kukalia. Pwani ya Pahlevi walivuliwa nguo zote zikachomwa moto kwa ajili ya chawa, wakanyolewa vichwa, wakaoga, wakapewa nguo safi na mahali pa kulala kwenye mahema mchangani. Kisha wakapewa chakula, na hapo wengine ndipo walipofia: tumbo lililozoea kipande cha mkate mweusi halikuweza kuhimili nyama ya mafuta. Makaburi ya Wapoland yaliyopo Anzali yanazidi 600. Tehran kuna mengine mengi zaidi.

Walioachwa nyuma, na walikuwa wengi sana kuliko waliotoka, hawakupata nafasi nyingine. Mlango ulifungwa.

Wakimbizi hao walifikaje Tanganyika, Kenya na Uganda?

Iran haikuweza kuwaweka muda mrefu, na askari walikuwa wakielekea Iraq na Palestina. Serikali ya Uingereza ikawatawanya raia katika makoloni yake: India, na Afrika kuanzia Uganda hadi Rhodesia. Walikuja kwa meli, wakateremkia Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, wakapandishwa treni na malori kwenda bara.

Tengeru, jirani na ziwa Duluti, ilikuwa kambi kubwa kuliko zote Afrika, ikiwa na watu wapatao 5,000. Nyumba zilikuwa za mviringo, za udongo uliopakwa chokaa, zimeezekwa kwa nyasi, mistari kwa mistari chini ya Mlima Meru. Kulikuwa na shule, kanisa, hospitali na mashamba. Tanganyika ilikuwa na makazi mengine Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Uganda walikaa Koja, kando ya Ziwa Viktoria, na Nyabyeya karibu na Masindi. Hapo Nyabyeya kanisa la mawe walilolijenga bado linasaliwa. Kenya ilikuwa na vituo vidogo zaidi, kama Rongai na Makindu.

Ukitazama picha za kambi hizo utaona wanaume wazima ni wachache sana. Walikuwa na Anders. Mwanamke aliyekuwa akipalilia bustani Tengeru mwaka 1944 alikuwa akisubiri barua kutoka Italia, na mwezi Mei mwaka huo barua nyingi hazikuwa njema.

Ni kweli Menachem Begin alikuwa askari wake?

Ndiyo. Begin, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Israel, alifika Palestina akiwa na sare ya jeshi la Anders. Tofauti na wengi, yeye aliachiwa rasmi. Askari Wayahudi wapatao 3,000 walitoroka walipofika Palestina, na Anders hakutaka wasakwe, ingawa Waingereza hawakufurahi.

Haimaanishi kwamba jeshi hilo halikuwa na ubaguzi. Wayahudi wengi walikataliwa wakati wa kujiandikisha kule Urusi. Kwa sehemu ni Warusi waliowazuia, wakidai Wayahudi, Waukraine na Wabelarusi wa mashariki mwa Poland ni raia wa Kisovyeti. Kwa sehemu ni maofisa wa Kipoland wenyewe, na hapo hakuna wa kumsingizia.

Nini kilitokea Monte Cassino?

Monte Cassino ni mlima kati ya Napoli na Roma, na juu yake ipo monasteri iliyoanzishwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6. Wajerumani walijichimbia kwenye miteremko yake kufunga barabara ya Roma. Kuanzia Januari 1944 Wamarekani, Wahindi, Wanyuzilandi na wengine walishambulia mara tatu bila mafanikio. Monasteri yenyewe ilipigwa mabomu ya ndege tarehe 15 Februari ikawa kifusi, na kifusi kikawapa Wajerumani maficho bora kuliko kuta.

Mwezi Machi Jenerali Leese, kamanda wa Jeshi la Nane la Uingereza, alimuuliza Anders kama jeshi lake, ambalo sasa liliitwa Kikosi cha Pili cha Poland, litaichukua kazi hiyo. Kwa maelezo ya Anders alipewa takriban dakika kumi za kufikiri. Akakubali.

Shambulio la kwanza, usiku wa kuamkia 12 Mei, lilivunjika. Divisheni mbili, ya Karpati na ya Kresy, zilipanda miteremko ya mawe matupu usoni pa bunduki za rashasha za askari wa miamvuli wa Ujerumani. Hapachimbiki handaki kwenye mwamba. Aliyelala alijikinga kwa jiwe au kwa maiti. Risasi na maji vilipandishwa usiku kwa nyumbu, kisha kwa migongo ya watu. Wakarudia tarehe 17. Usiku huo Wajerumani wakaanza kuondoka, na asubuhi ya 18 Mei doria ya Kipoland iliingia magofuni na kupandisha bendera. Mpiga tarumbeta akapuliza wito wa Kraków, ule ambao hupigwa kila saa kutoka mnara wa kanisa la Maria.

Waliouawa walikuwa 923, majeruhi karibu 3,000, na mamia hawakuonekana tena. Haki itendeke pia kwa wengine: Wajerumani waliondoka kwa sababu pande zao zilikuwa zinazungukwa, hasa na jeshi la Ufaransa ambalo wapiganaji wake wa Morocco walikuwa wamepenya milima iliyodhaniwa haipitiki.

Je, ilistahili?

Jenerali Sosnkowski, mkuu wa majeshi ya Poland, alimlaumu Anders kwa kukubali bila kumuuliza. Hoja ya Anders ilikuwa kwamba popote ambapo wangepangwa katika shambulio hilo wangepoteza watu, ila hapa dunia ingeona, wakati Moscow ikitangaza kwamba Wapoland hawataki kupigana na Wajerumani. Binafsi naona hoja yake ina uzito kijeshi. Kisiasa haikumnunulia chochote, kama jibu linalofuata linavyoonyesha.

Kwa nini hakurudi Poland baada ya vita?

Mwezi Februari 1945, huko Yalta, Churchill, Roosevelt na Stalin walikubaliana kwamba mashariki mwa Poland pabaki kwa Wasovyeti. Miji ya Lwów na Wilno ilikwenda. Askari wengi wa Anders walitoka hukohuko. Nyumba zao sasa zilikuwa nchi nyingine, ileile iliyowapeleka Siberia. Anders alitaka kuviondoa vikosi vyake mstari wa mbele, na alipomkabili Churchill tarehe 21 Februari akajibiwa, kwa ukali, kwamba Uingereza ina askari wa kutosha na anaweza kuzichukua divisheni zake. Hakuzichukua. Majemadari wa Uingereza na Marekani waliomba abaki kwa sababu hawakuwa na wa kuziba pengo lile, na Aprili 1945 Wapoland wakaingia Bologna.

Tarehe 5 Julai Uingereza na Marekani zikaitambua serikali mpya ya kikomunisti ya Warsaw. Katika gwaride la ushindi la London, tarehe 8 Juni 1946, majeshi ya Poland hayakupita. Walialikwa marubani wachache tu, nao wakakataa kwenda bila wenzao.

Alivuliwa uraia kwa kosa gani?

Septemba 1946 serikali ya Warsaw ilimvua uraia yeye na maofisa wengine 75, kwa madai kwamba wanatumikia nchi ya kigeni. Alirudishiwa heshima yake mwaka 1989, akiwa marehemu kwa miaka 19.

Maisha ya uhamishoni yalikuwaje?

Waingereza waliunda kikosi cha mpito cha kuwafundisha askari wa Kipoland kazi za kiraia, na wengi wakaishia viwandani na migodini. Majenerali hawakusalimika. Maczek, aliyeongoza divisheni ya vifaru Normandy, alihudumu kwenye baa ya hoteli Edinburgh. Sosabowski, aliyeongoza askari wa miamvuli Arnhem, Uholanzi, akawa kibarua kiwandani.

Anders aliangukia siasa, na siasa za uhamishoni ni ngumu kwa sababu hakuna cha kutawala. Mwaka 1954 August Zaleski, rais wa serikali ya uhamishoni, alikataa kuachia kiti muda ulipofika. Wapinzani wake, Anders akiwamo, wakaunda Baraza la Watatu pamoja na Tomasz Arciszewski na Edward Raczyński. Kwa hiyo kwa miaka 18 kulikuwa na mamlaka mbili za Poland ndani ya London, kila moja ikiikana nyingine, na zote mbili hazina hata kata moja ya nchi. Alisimamia pia mfuko wa michango ya Wapoland wa ughaibuni. Kumbukumbu zake zilitoka 1949 kwa jina lenye maana ya "Bila Sura ya Mwisho".

Nyumbani, watu waliochoshwa na wakomunisti walikuwa wakinong'onezana kwamba ipo siku Anders atarudi juu ya farasi mweupe. Hakurudi.

Familia yake?

Aliachana na mke wa kwanza, aliyemzalia watoto wawili. Mwaka 1948 alimwoa Irena, mwimbaji aliyejulikana jukwaani kama Renata Bogdańska, binti wa padri wa Kikatoliki wa madhehebu ya Kigiriki kutoka jamii ya Waukraine. Binti yao, Anna Maria, alizaliwa 1950, na baadaye alikuwa seneta na kisha balozi wa Poland nchini Italia.

Na yule dubu?

Ni wa kweli. Askari walimpata Iran mwaka 1942 akiwa mdogo, wakamwita Wojtek, wakamwandikisha katika kampuni ya kusafirisha risasi za mizinga ili aruhusiwe kupanda meli kwenda Italia. Wenzake walisema alibeba masanduku ya risasi Monte Cassino. Alifia katika bustani ya wanyama ya Edinburgh mwaka 1963.

Anders amezikwa wapi?

Alifariki London tarehe 12 Mei 1970, siku ileile ya mwezi ambayo askari wake walianza kupanda mlima miaka 26 kabla. Alizikwa katika makaburi ya Wapoland Monte Cassino, kati ya zaidi ya askari 1,000, kama alivyotaka. Majivu ya mkewe yaliwekwa hapo baadaye.

Naweza kuyaona makaburi ya Tengeru?

Ndiyo. Yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo Tengeru, yamezungushiwa ukuta, na yupo mtunzaji. Ulizia getini. Kuna makaburi karibu 150, mengi ya Wakatoliki, machache ya Waorthodoksi na Wayahudi. Kambi yenyewe ilianza kupungua vita vilipokwisha: waliokuwa na waume au baba katika Kikosi cha Pili waliruhusiwa kwenda Uingereza, wengine wakaenda Kanada na Australia, na wachache wakarudi Poland. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa imefungwa.